Wema Mdogo Usiomfunga Mpokeaji: Mwongozo kwa Mkristo wa Munanila

Wema mdogo, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni tendo ambalo mtu wa kawaida anaweza kulitenda kwa mikono yake, kwa muda wake au kwa kile kidogo alicho nacho nyumbani, pasipo kusubiri mfadhili, mradi wala kibali cha mkubwa yeyote: kumchotea maji mzee asiyeweza tena kushuka bondeni, kumlipa kibarua ujira wake siku ile ile kazi ilipokamilika, kukaa na mjane ambaye majirani wameanza kumkwepa. Matendo ya namna hii hayaingii katika taarifa za dayosisi wala za halmashauri, lakini ndiyo yanayoonyesha kama imani inayokiriwa Jumapili, au Jumamosi kwa Wasabato, ina nguvu yoyote katika maisha ya kijiji. Anayelengwa hapa ni Mkristo wa Munanila, kata iliyoko mpakani mwa Tanzania na Burundi katika nyanda za juu za Kigoma, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012. Hata hivyo mengi yanayosemwa yanamfaa pia msomaji wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, kwa kuwa watu ni wale wale, mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na migomba ni yale yale, na mpaka unaowapa wageni wao na vibarua wao ni mmoja.

Kwamba Mkristo anapaswa kutenda wema ni jambo lisilobishaniwa na yeyote, awe Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato au Mpentekoste. Swali gumu zaidi, ambalo mahubiri hulipita haraka, ni namna ya kutenda wema huo ili aliyeupokea abaki mtu huru mwenye heshima yake, badala ya kugeuzwa mdeni wa kudumu wa aliyempa. Katika nchi ya Waha swali hili lina mizizi mirefu, na msomaji asiyeijua mizizi hiyo anaweza kutoa kwa moyo safi huku jirani yake akipokea kwa hofu.

Enzi za watawala wa jadi, ambao kila mmoja aliitwa mwami na ambao walitawala Heru, Muhambwe, Buyungu na nchi nyingine za Buha, ulikuwapo utaratibu uliojulikana kwa jina la ubugabire. Kwa utaratibu huo mwenye ng'ombe, mara nyingi Mtutsi, alimkabidhi Muha asiye na mifugo ng'ombe mmoja au zaidi, naye mpokeaji akapata maziwa, samadi na ulinzi wa mkubwa wake, lakini kwa kupokea kwake akawa mtu wa yule aliyempa: alimfanyia kazi, alimpelekea zawadi, alionekana kwake mara kwa mara kumheshimu, na sehemu ya uzao wa ng'ombe ilirudi kwa mwenyewe. Haifai kuuhukumu utaratibu huo kwa ukali wa leo, kwa sababu uliwaunganisha watu wa hali mbalimbali na kumpa maskini mahali pa kukimbilia siku ya njaa. Lakini uliacha katika desturi wazo kwamba kila kitu kinachotolewa kina kamba isiyoonekana, na kwamba mkono unaopokea unajifunga. Wazo hilo halikuondoka pamoja na ng'ombe. Linaonekana pale mtu aliyesaidiwa debe moja la mahindi anapotarajiwa kumpigia kura aliyemsaidia, au mtoto aliyelipiwa sare ya shule anapogeuzwa mtumishi wa nyumba ya mlipaji wakati wa likizo.

Injili inakata kamba hiyo kwa makusudi. Katika sura ya 14 ya Luka, Yesu anamwambia mwenyeji wake kwamba anapofanya karamu asiwaalike matajiri watakaomwalika nao, bali maskini na vilema wasio na cha kumrudishia. Na katika sura ya 6 ya Mathayo anataka sadaka itolewe kwa siri kiasi kwamba hata mkono wa pili usijue. Sababu ya kitheolojia ni neema, yaani kipawa ambacho Mungu humpa mwanadamu pasipo stahili yake wala uwezo wa kukilipa, na ambacho Mkristo, akiwa amekipokea bure, anakipitisha kwa mwingine bure. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ambacho msomaji anashauriwa kukitumia kabla ya kutenda wema wowote ni kujiuliza kama yuko tayari kwamba mpokeaji akutane naye kesho sokoni, amsalimie kama anavyomsalimia kila mtu, na apite zake. Ikiwa jambo hilo linamkera, ni heri angoje kwanza, aombe, na aipeleke zawadi hiyo kwa mkono wa mwingine.

Ujira wa kibarua

Wema wa kwanza unaopaswa kushughulikiwa Munanila ni ule ambao wengi hawauhesabu kuwa wema, nao ni kulipa kile kinachodaiwa. Kila msimu wa kilimo, mvua zinapokaribia mwezi wa Septemba na Oktoba, watu huvuka kutoka Burundi kuja kulima, kupanda na kupalilia katika mashamba ya vijiji vya mpakani, wengi wao wakiwa hawana hati za kuvukia na wakifanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, kwa fedha kidogo au kwa chakula. Kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazoelewana, makubaliano hayo hufanyika kwa urahisi, na kwa urahisi ule ule huvunjwa: kibarua huyu hana pa kushtaki, kwa maana akienda kituoni ataulizwa kwanza vibali vyake kabla hajaulizwa haki yake. Wapo wenye mashamba wanaochelewesha malipo hadi mtu achoke kungoja, na wapo wanaofanya baya zaidi, kwa kumtishia kumripoti kwa maofisa wa uhamiaji siku anayodai chake.

Maandiko hayana utata wowote hapa. Sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati inaagiza kwamba kibarua maskini, awe mwenyeji au mgeni, alipwe siku yake kabla jua halijatua, kwa sababu ameweka tumaini lake katika ujira huo. Na sura ya 5 ya Waraka wa Yakobo inasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele hata ukafika masikioni mwa Bwana. Mkristo anayemdhulumu kibarua wake, kisha Jumapili akatoa sadaka nono, ametoa fedha ya mtu mwingine. Usemi wa Waswahili kwamba mgeni apokewe siku mbili na siku ya tatu apewe jembe ni usemi wa hekima, kwa sababu unamheshimu mgeni kama mtu awezaye kujitegemea. Lakini jembe hilo likiisha kuingia ardhini, mwenyeji amekuwa mwajiri, na ukarimu wake unaanza kupimwa kwa mizani ya haki.

Kwa vitendo, msomaji mwenye shamba anashauriwa kupatana na kibarua mbele ya shahidi mmoja, ikiwezekana mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kitongoji, na kutaja kwa uwazi ukubwa wa eneo, aina ya kazi na kiasi cha malipo. Kuiweka kando fedha au nafaka ya malipo kabla kazi haijaanza, ili isije ikatumika kwa jambo jingine. Kumpa chakula cha mchana pasipo kukikata katika ujira, isipokuwa kama walikubaliana hivyo tangu mwanzo. Na kulipa shambani kwenyewe, mkononi mwa aliyefanya kazi, siku kazi inapokwisha. Kwa kuwa sheria za nchi zinamtaka mgeni awe na kibali, ni wema pia kumweleza njia halali iliyopo ya kuingia kupitia kituo cha mpakani cha Manyovu, badala ya kuufurahia udhaifu wake kwa kuwa unapunguza gharama. Asiyekuwa na shamba la kuajiri watu naye ana nafasi yake, kwa kuwa anaweza kuwa yule shahidi, au yule jirani ambaye, bila makelele, anamkumbusha mwenye deni kwamba mtu wake anangoja.

Ipo kumbukumbu ya karibu inayosaidia katika jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulikuwa harakati ya toba na kufanywa upya iliyoanza Rwanda, hasa Gahini, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi na magharibi mwa Tanganyika, ulijulikana kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: waliookoka waliungama hadharani na kisha walikwenda nyumba kwa nyumba kurudisha walichoiba na kulipa madeni ya zamani, kama Zakayo alivyofanya katika sura ya 19 ya Luka. Kanisa Anglikana la eneo hili, ambalo Dayosisi yake ya Western Tanganyika yenye makao makuu Kasulu ilianzishwa mwaka 1966, lilikua katika hewa ya uamsho huo. Anayetaka kuanza maisha ya wema hahitaji kutafuta mahali pa mbali. Anaweza kuanza kwa kuandika majina ya watu anaowadai na wanaomdai, na kuanza kulipa lile deni la zamani kuliko yote.

Wanaovuka mpaka kwa kukimbia

Tofauti na kibarua ni yule anayevuka kwa kuokoa maisha yake. Nyanda za Kigoma zimepokea watu wa namna hii kwa zaidi ya nusu karne: Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wengi wao wakapelekwa baadaye katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wengine waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu mwaka 1996, na Warundi wa mwaka 2015, ambao maelfu yao walikwama katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka kati yao, na meli kongwe ya Liemba ikawa miongoni mwa vyombo vilivyowatoa huko kuwaleta Kigoma. Kambi zimefunguliwa na kufungwa, kama ile ya Mtabila iliyofungwa mwaka 2012 na ile ya Mtendeli iliyofungwa mwaka 2021. Makanisa yamekuwa katika kazi hii tangu mapema, na Shirika la Huduma kwa Wakimbizi la Kikristo Tanganyika, maarufu kwa kifupi cha TCRS, lilianzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni. Pamoja na kazi kubwa ya mashirika, saa za kwanza za mkimbizi, kabla ya gari, hema na kadi ya mgao, zimekuwa daima mikononi mwa mwanakijiji aliyefungua mlango.

Katika saa hizo mambo machache hufaa kuliko mengi. Maji safi ya kunywa hutangulia chakula, na chakula chepesi, kama uji, hutangulia kizito, kwa sababu mtu aliyetembea siku kadhaa bila kula anaweza kudhurika akishibishwa ghafla. Mama mwenye mtoto mchanga apewe mahali pa faragha na nguo kavu kabla ya kuulizwa lolote. Maswali kuhusu kabila lake, chama chake na yaliyompata hayamhusu mwenyeji, na yanaweza kumrudisha katika hofu aliyoikimbia. Jina lake na idadi ya walio pamoja naye vinatosha. Baada ya hapo, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze mbele ya mamlaka, na mwenyeji anayemficha kwa nia njema anaweza kumponza yeye na kujiponza mwenyewe. Tendo la upendo hapa ni kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji, kukaa naye anapoandikishwa, kumtafsiria ikiwa Kiswahili chake ni kidogo, na kuhakikisha kwamba familia haikutenganishwa njiani kwa uzembe wa mtu. Kusindikiza huko ni kazi ya nusu siku, na thamani yake kwa mtu asiyemjua yeyote upande huu wa mpaka haipimiki.

Anayeshutumiwa

Jambo linalodai ujasiri kuliko yote yaliyotajwa ni kusimama na mtu anayeshutumiwa uchawi. Mkoani Kigoma huzuka mara kwa mara waganga wanaozunguka vijijini wakidai kuwa na uwezo wa kuwafichua wachawi na kuchimbua dawa zilizofichwa majumbani, nao hujulikana kwa jina la kamchape. Shughuli yao ni ile inayoitwa ramli chonganishi, yaani uaguzi unaomtaja mtu fulani kuwa ndiye chanzo cha kifo, ugonjwa au hasara ya mwingine, na mara nyingi anayetajwa ni mzee, mjane, au mtu aliyefanikiwa kidogo kuliko jirani zake. Yanayofuata yanajulikana: nyumba huvunjwa, mali huporwa, mtu hufukuzwa katika ardhi aliyoilima maisha yake yote, na pengine damu humwagika. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928 na inayotumika hadi leo, inamhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtaja mwingine kuwa mchawi. Lakini sheria iko mbali usiku umati unapokusanyika, na jirani yuko karibu.

Waumini wengi hawawaiti kamchape wala hawawaamini, ila huchanga wanapopitiwa nyumba kwa nyumba, kwa kuhofia kwamba asiyechanga ataonekana ana kitu anachoficha. Hapo ndipo ulipo mtihani. Mkristo mmoja akikataa peke yake anaweza kuwa ndiye atakayetajwa. Kwa hiyo inapasa kukataa kwa pamoja, na makubaliano hayo yafanyike mapema, wakati kijiji kimetulia, kati ya waumini wa madhehebu yote na Waislamu walio jirani, na yafikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji kwa maandishi. Jina la mtu linapoanza kunong'onwa, waumini wawili au watatu waanze kumtembelea mchana kweupe, waketi nje ya nyumba yake mahali wanapoonekana, wale chakula chake, na watoto wao wacheze uani kwake. Kula chakula cha anayeshutumiwa ni ushuhuda mkubwa kuliko mahubiri, kwa kuwa kila anayepita njiani anaelewa maana yake bila kuelezwa. Kukiwa na dalili ya ghasia, taarifa ipelekwe polisi mapema, na mtu huyo alale kwa jirani anayeaminika hadi hali itulie.

Sambamba na hao ni watu wenye ualbino, yaani ukosefu wa rangi ya kawaida katika ngozi, nywele na macho, ambao mashambulizi dhidi yao yaliyosikika nchini hasa kuanzia mwaka 2007 yaliwafanya baadhi ya watoto wapelekwe katika shule ya Kabanga wilayani Kasulu kwa usalama wao. Kofia pana, shati la mikono mirefu, mtoto kukalishwa mbele darasani ili aone ubao, na kusindikizwa njiani anapokwenda na kurudi: hayo yako ndani ya uwezo wa familia yoyote ya Kikristo. La kuzingatia ni kwamba mtoto huyo aletwe kucheza na wenzake kama mtoto mwingine yeyote, asifanywe kitu cha kuhurumiwa.

Mgonjwa na mzee

Wagonjwa wa Munanila na vijiji vya jirani wamezoea kutegemea, pamoja na zahanati na vituo vya serikali, hospitali zilizoanzishwa na makanisa, kama vile Heri ya Waadventista wa Sabato huko Buhigwe na Kabanga ya Wakatoliki huko Kasulu. Katika hospitali nyingi nchini mgonjwa hupikiwa na kufuliwa na jamaa zake, na asiye na jamaa hubaki akitegemea wa kitanda cha pili. Kumtembelea mgonjwa, ambako ni mojawapo ya matendo ya huruma kwa mwili yanayofundishwa katika Kanisa Katoliki, kwa hiyo kunaanza na kuuliza nani anampikia. Ziara yenyewe iwe fupi. Sala iwe fupi pia, kwa sauti ya kawaida, na baada ya kumwomba ruhusa. Asielezwe habari za wengine waliokufa kwa ugonjwa kama wake, wala asiulizwe amefanya dhambi gani. Bora zaidi kuliko soda na maneno mengi ni mtu kuchukua zamu ya kulala hospitali usiku mmoja ili anayemuuguza akapumzike.

Kwa wazee kuna wema wa aina nyingine ambao haugharimu fedha, nao ni kuwasaidia kupata haki zao. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawaondolea malipo ya matibabu katika vituo vya umma wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, lakini mzee asiyejua kusoma, anayeishi peke yake na ambaye miguu yake haimfikishi ofisini, anaweza kufa na haki hiyo mkononi bila kuitumia. Kijana mmoja wa kwaya akimwandikia barua, akampeleka kwa mtendaji na kufuatilia mpaka utambulisho wake utoke, amemfanyia kazi inayodumu. Vivyo hivyo, katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, jumuiya ndogo iliweza kuchanga kidogo kidogo na kuikatia kaya maskini kadi moja. Mchango wa namna hiyo una heshima kuliko kungoja mtu augue kisha kupitisha kofia kanisani huku jina lake likitangazwa.

Kufanya pamoja

Wema wa mtu mmoja huchoka, na ndiyo maana Kanisa tangu mwanzo liliuwekea utaratibu. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia jinsi watu saba walivyochaguliwa baada ya manung'uniko kwamba wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na kutokana na habari hiyo huduma ya kanisa kwa wahitaji huitwa diakonia. Katika eneo hili vyombo vya kazi hiyo vipo tayari: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, Umoja wa Mama wa Waanglikana, uliotokana na kazi iliyoanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, na Dorkasi ya Wasabato, inayobeba jina la yule mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo. Msomaji haanzishi chombo kipya penye hivi. Anaingia katika kilichopo na kukifanya kitende kazi.

Kabla ya kikundi kutoa, inafaa watu wawili wamtembelee mhitaji na kusikiliza, kwa sababu anachohitaji mara nyingi sicho kinachodhaniwa: kaya iliyoletewa nguo huenda ilihitaji mbegu, na mjane aliyeletewa unga huenda alihitaji mtu wa kumsemea mbele ya mashemeji wanaotaka shamba la marehemu. Sura ya 5 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo inaagiza kwamba ndugu wa mjane watangulie kumtunza kabla kanisa halijalemewa, na agizo hilo halina ukali wowote. Ndugu wakitafutwa na kukumbushwa kwa upole, mjane anarudishiwa ukoo wake, jambo ambalo kikundi hakiwezi kumpa. Fedha za kikundi ziandikwe katika daftari, na watu wawili waijue hesabu, lakini majina ya waliosaidiwa yabaki kwa hao wawili. Picha za watu wakipokea mchele, ambazo siku hizi husambazwa kwenye simu hata kabla mchele haujapikwa, ni kinyume kabisa na fundisho la Mathayo 6, na hakuna sababu ya kuhamasisha wachangiaji inayotosha kuzihalalisha.

Majira nayo yaangaliwe. Debe la maharage linalotolewa mwezi wa Juni, baada ya mavuno, hupokelewa kwa shukrani na kuliwa. Likitolewa mwishoni mwa Septemba kama mbegu, linakuwa chakula cha nyumba nzima na mbegu ya msimu unaofuata. Miezi ya Novemba na Desemba, ghala zinapokuwa tupu na mazao mapya hayajakomaa, ndiyo wakati ambapo maskini huuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa; anayemkopesha jirani nafaka katika miezi hiyo kwa kipimo kile kile, gunia kwa gunia pasipo nyongeza, amemwokoa na hasara ya mwaka mzima. Januari ni mwezi wa sare na madaftari. Kiangazi ni wakati wa kuezeka na kukandika, na hapo ujima, yaani kazi inayofanywa na majirani kwa pamoja kwa ajili ya mmoja wao, unaweza kuimaliza nyumba ya mzee kwa siku mbili.

Linabaki suala la kukoma. Msaada usio na mwisho uliotajwa hurudisha ile kamba ya ubugabire kwa mlango wa nyuma, na msaada unaokatika ghafla humwacha mtu pabaya kuliko alipokuwa. Kwa hiyo kikundi kinapoanza kumsaidia mtu mwenye uwezo wa kusimama tena, kwa mfano aliyevunjika mguu au aliyefiwa na mume, kiseme tangu siku ya kwanza kwamba kitalima shamba lake msimu huu na ujao, na kimwulize yeye mwenyewe angependa kufanya nini kati ya misimu hiyo. Asiyeweza kusimama tena, kama mzee asiye na mtoto, aambiwe waziwazi kwamba hataachwa, na jina lake likabidhiwe kwa maandishi kila viongozi wa kikundi wanapobadilishwa. Aliyesaidiwa na akapata nguvu asiachwe nje ya kazi hiyo: apewe zamu yake ya kuchota maji, ya kulala hospitali au ya kuwa shahidi wa ujira wa kibarua, na apewe mapema, hata kabla hajaiomba.